Dakika Kumi na Mbili za Mwanzo

Miaka thelathini na mmoja nilikata tiketi
mlangoni pa sinema ya mtaa wa chini, Kutaisi,
koti begani, kurunzi mkononi,
nikiwasubiri wachelewaji.
Na watu wa Kutaisi ukiwaita saa moja
hutoka nyumbani saa moja.
Kwa hiyo usiniulize filamu huanzaje.
Mimi ni mjuzi wa katikati na miisho.

Ile niliyoipenda kuliko zote
ilikuwa ya mfuga nyuki
aishiye ghorofa ya tano, mizinga yake roshani.
Nilipopata nafasi ya kuketi
kwenye kigoda changu nyuma ya pazia
alikuwa tayari hasemi na dada yake.
Kwa nini? Sikujua.
Anamwekea asali mlangoni, anabisha, anakimbia,
mtu wa miaka sitini, kama mtoto mtundu.
Niliiona mara arobaini. Mara arobaini nililia
pale dada anapolamba kijiko
amesimama, hata viatu hajavua.

Chanzo cha ugomvi nilikitunga mwenyewe.
Mwaka mmoja shamba, mwaka mwingine mchumba,
na mwaka ule Tsiala, ndugu yangu wa tumbo moja,
aliponinunia kwa ajili ya cherehani ya mama,
nikajua: ni cherehani.
Ilikuwa cherehani siku zote.

Riwaya? Usinichokoze.
Guram wa duka la viatu aliniazima moja,
kurasa mia saba, nzito kama tofali.
“Nazibrola, hii itakubadilisha.”
Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili mbwa anakufa
na mwandishi, badala ya kumzika,
anatueleza rangi ya mawingu.
Mawingu!
Nusu ukurasa, na mbwa yuko palepale barabarani.
Nilimrudishia Guram kitabu chake
pamoja na kichupa cha pilipili, asije akanuna naye.
Anasema sikufika panaponoga.
Guram, anayemwacha mbwa barabarani
mimi simfuati mpaka panaponoga.

Halafu majira ya baridi, mjukuu wangu Bachana
akaja na simu, macho yanamng'aa.
“Bibi, nimeipata. Ya nyuki. Nzima, tangu mwanzo.”
Tukajifunika blanketi moja.
Dakika kumi na mbili, mwanangu, dakika kumi na mbili
watu wawili wanagombania barua ya wakili,
kila mmoja anaeleza moyo wake kwa sentensi kamili
kama anayejaza fomu ya pensheni,
na kinanda kinanivuta sikio: lia, lia.
Cherehani hakuna.
Nikamwambia Bachana asimamishe.
Nikaenda jikoni, nikaosha kikombe kilichokuwa safi,
nikarudi nikiinama, nikiomba radhi gizani
kama wachelewaji wangu wote,
nikamwambia: sasa.
Na kijiko kilipofika mdomoni
nililia, mara ya arobaini na moja.

Santuri ninayo moja tu ya kuitetea:
wanaume sita wa Guria, sauti tatu zinazogombana
mpaka zinapatana.
Baba aliikwaruza kwa pete yake tukiwa wadogo.
Ubeti wa tatu, sauti ya chini inapoingia,
sindano inaruka neno.
Neno gani, hatukuwahi kulisikia nyumbani kwetu.

Mwezi wa kumi, arusini kwa binti wa Guram,
wanaume sita, hai, wenye jasho, wakauimba
mzima, safi, kila neno mahali pake.
Watu walifumba macho. Mimi nilipoa kama chai.
Nikawa naufuata midomoni, polepole,
na ubeti wa tatu ulipofika
niliruka,
neno zima mbele ya ukumbi wote.

Meza ya pili, chini ya dirisha,
midomo mingine ikaruka pamoja nami.
Hakugeuka. Nami sikugeuka.
Kijiko chake kilibaki hewani.

Cherehani, kama unataka kujua, iko kwangu.
Jana nimeipaka mafuta.