Bakuli la Sista Mbeyu

Wenzetu wa dirisha la kwanza wana dawa.
Huitwa jina, hunywa kikombe mbele ya muuguzi,
huonyesha koo, wakenda zao.
Dirisha letu lina bakuli tu.

"Hata tembe, Sista? Hata sindano?"
"Ya muguka haijapatikana, Shee.
Dawa yako ni kuja."

Basi n'naja. Jumatatu na Alhamisi,
kwa mguu kutoka Mshomoroni,
nikizunguka nyuma ya msikiti
nisipite kibanda cha Mugendi,
ambaye hata sasa, akiniona kwa mbali,
hupiga mluzi na kunyanyua kifuko.
Simlaumu. Miaka kumi na moja nililinda godauni Shimanzi,
na yeye ndiye aliyenilinda mimi nisilale.

Usingizi hausahau.
Nilipoacha kuchana ulikuja kama mwenye deni,
ukabeba mchana, ukabeba usiku,
mwisho ukabeba na kazi.
Mishi akawa aniwekea kioo puani
kuhakikisha n'napumua.

Sista hukuwashia tochi.
Fungua. Ulimi. Shavu la kushoto, la kulia.
Ukiwa safi, unatia mkono bakulini.
Karatasi nyingi zimeandikwa *Hongera*, basi.
Chache: sabuni. Unga kilo mbili.
Moja, wanasema, ni redio.

Alhamisi ile nilikwenda na ulimi wa kijani.
Nilikuwa nimeshapanga maneno:
shemeji kafiwa, matanga, usiku mrefu.
Tochi ikazimwa kabla sijayasema.
"Leo bakuli halishuki kabatini.
Ulishafika karatasi nne kwa siku; Jumatatu twaanza na moja.
Kaa kwanza. Umekunywa chai?"

Nilitaka anitukane.
Matusi ningeyachukua vile vile yalivyo
hadi kwa Mugendi.
Chai sikujua niende nayo wapi.
Nikainywa.

Redio ilimwangukia Ngala wa Mtopanga. Haina betri.

Mimi nina Hongera kumi na tisa.
Nimezitia kwenye kifuko cha nailoni, kile kile,
nikakitundika msumarini juu ya kitanda.
Mishi asema nitupe, zitaleta mende.
Hazina uzito wowote.
Ila kifuko kimeanza kutuna
upande mmoja,
kama shavu langu la zamani.