Hesabu ya Mpunguzi

Hesabu niliyoijua mimi ni ya gunia.
Gunia moja la uwele, vinywa saba,
na mvua iliyokatika Februari:
ukigawanya, unapunguza.
Hata jina la kijiji chetu lasema hivyo.
Nilipima kwa kikombe cha bati,
nikakung'uta vumbi la kingoni lisipotee.

Siku ya wazazi Perisi alinishika mkono,
huu wenye kitambaa, gumba limekatwa
na mkasi wa kupogolea zabibu,
akanikalisha mbele ya hadubini ya shule.
"Mama, funga jicho moja."

Ncha ya mzizi wa kitunguu.
Kile alichokiotesha dirishani kwenye kopo,
nikamgombeza kwamba anachezea mboga.

Nikaona vyumba.
Vyumba kwa vyumba, kama tembe la babu,
na katika kimoja, nyuzi nyeusi zinaachana,
kundi huku, kundi kule.
Kwingine ukuta mpya umeshaanza kupigwa katikati.

"Ilikuwa moja. Zinakuwa mbili."
"Nusu kwa nusu?"
"Hapana, mama. Kila moja kamili.
Kabla ya kugawanyika hunakili kwanza kila kitu."

Nani alinificha hesabu hii?
Nami nimekata mizabibu ikabaki visiki,
ikanirudishia majani bila kinyongo.
Nami nimembeba huyu huyu Perisi,
tone nisilolijua, moja, mbili, nne, nane,
mpaka siku aliponipiga kisigino
nikiwa nimeinama kisimani.

"Na zikikataa kuacha?"
Akatoa kigae cha kioo,
akakifuta polepole kwa pindo la sketi.
Alijua namuuliza nani.
Baba yake, Chilongani, na ule uvimbe wa shingoni
uliojigawa, ukajigawa, ukala gunia zima
na mwenye gunia.
"Kuna seli," akasema, "hazisikii neno *basi*."
Hatukuongeza.

Jioni hii nimefungua kitambaa.
Kovu jembamba, jekundu kidogo, linawasha.
Hakuna aliyelituma; kingo zimesogeleana zenyewe,
usiku, nikikoroma.

Nimepima uwele. Vinywa sita sasa.
Gunia bado linapungua, sitadanganya.
Ila gumba lililoshika kikombe
lilikuwa na ngozi ya wiki hii.