Jina Lililokatika Mabawa

"Tunasikitika kutangaza kifo cha..."
kisha kimya.
Mabawa nzima ikatoka nje, mikono ina unga,
kila mtu akihesabu wa kwao.
Probox ikajikohoza, ikasema tena kifo cha,
ikakwama palepale
kama mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki.

Hivyo ndivyo Sekiboko alivyonieleza akiingia gereji,
Barabara ya Kumi na Tano, injini hajaizima,
tarumbeta mbili juu ya paa zikitazama pembeni kwa haya.
"Maziko alasiri, fundi. Amplifaya imekufa."

Haijakufa. Ina njaa.
Washa taa, nikamwambia, sema neno zito.
Akasema "Haloo", na taa zikakonyeza.
Kila "o" zikafumba.
Nikapima: kwenye betri kumi na mbili na nusu,
nyuma kwenye buti, akinguruma, kumi na robo.
Volti mbili na ushei zimeishia njiani.
Nikafunua zulia nikaufuata waya,
mwekundu, mwembamba, wa kufungia taa ya breki,
wa moto kama sikio la mtoto mwenye homa.

Hesabu hii naifanya kwa chaki juu ya tairi.
Wati elfu, gawa kwa kumi na mbili:
ampea themanini na tatu,
na amplifaya ni mlaji mchafu, hula nyingine akazimwaga joto,
basi andika mia.
Halafu urefu. Hapa ndipo wengi huteleza.
Waya wa mita moja ukiweza mzigo
usidhani wa mita tano utauweza.
Kutoka boneti, pembeni mwa milango, hadi buti: tano na kidogo.
Nikaandika milimita ishirini na tano za mraba,
nikapiga mstari chini.

Akachomoa kwenye mfuko wa rambo
waya alioununua njiani,
mnene kama kidole gumba, bei ya kutupa.
Nikauchuna kwa kisu kama muwa.
Ganda, ganda, ganda,
na katikati nyuzi za kuhesabika;
nikakwangua wekundu wake, ikatoka nyeupe.
Alumini iliyojitanda kanga ya shaba.
"Lakini mnene!"
Mnene ganda, Sekiboko. Umeme haupiti kwenye ganda.

Wangu ulikuwa ukutani, shaba tupu.
Bei yake akaitukana mara mbili, akalipa nusu.
Fyuzi ya mia nikaiweka shibiri moja tu kutoka betri,
maana fyuzi hailindi muziki,
inalinda waya usije ukawa kuni.
Na ule mweusi wa kwenye bodi, wanaoudharau wote,
unene uleule. Umeme nao ni mgeni wa Tanga,
waja leo, waondoka leo;
ukimfinyia mlango wa kutokea
hata ule wa kuingilia hautamfaa.
Nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa,
nikapaka grisi, kwa sababu hewa yetu ya chumvi
hula viungo kimyakimya na kuacha ukijani.

Saa tisa kasorobo akasema "Haloo".
Taa zikamtazama tu.
Akatoka mbio, baiskeli zikimpisha.

Nilikuwa naokota maganda sakafuni
nilipoisikia kutoka kona ya Makorora,
sauti imeshiba, haikatiki,
kifo cha Bi Zaituni Mntangi, muuza mihogo wa zamani
wa Barabara ya Kumi na Tano.

Wati nimeuliza. Mita nimeuliza.
Jina sikuuliza.

Mihogo yake nimeila kwa mkopo miaka miwili,
nikiwa mshika tochi wa fundi Kidege.
Alikuwa akiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wake
vijistari, vijistari.
Sikumbuki kama niliwahi kuvifuta.

Probox ikapita mara ya pili.
Jina likafika zima, hata herufi haikupotea njiani.
Nikaosha mikono kwa petroli, kwa sabuni, kwa petroli tena,
nikafunga mlango.
Hesabu ya chaki nimeiacha kwenye tairi.