Lita kwa Dakika

Gari langu limekula chumvi nyingi.
Sisemi umri tu, nasema chumvi yenyewe,
ile wanayoimwaga barabarani hapa Hamilton
kuanzia Novemba mpaka Machi.
Ilipanda matao ya magurudumu,
ikahamia chini ya milango kama mpangaji asiyelipa,
na siku nilipobonyeza kwa kidole gumba
kidole kikaingia.

Basi nikanunua kompresa.
Nyekundu, magurudumu mawili, dola arubaini na tano,
kwa mjane aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu uani.
Niliipenda kwa tumbo lake.
Tumbo kubwa, nikajiambia, halikosi hewa.
Nikaipandisha siti ya nyuma, nikaifunga mkanda.

Jumamosi nikachomeka msasa wa hewa,
ule wa duara, unaozunguka huku ukitetemeka,
nikabandika karatasi namba themanini,
nikafyatua.
Ukalia kama nyigu ndani ya kopo.
Kutu ikaruka, chuma kikachungulia cheupe.
Sekunde ishirini.
Kisha sauti ikashuka, ikawa nzito, ya mlevi,
sahani ikazunguka kwa hisani tu,
na kompresa kule pembeni ikaanza kuhema,
dakika mbili, tatu, inahema,
taa ya gereji ikififia kila inapovuta.

Zvonko alikuwa ng'ambo ya kichochoro, kwenye kiti cha turubai.
Miaka thelathini na mmoja alinyoosha mabati ya magari ya watu.
Hakusimama.
"Uliuliza inabeba kiasi gani?"
Galoni ishirini, nikajibu kwa fahari.
"Hukuuliza inatoa kiasi gani."

Nikaona haya, tena haya ya kitaaluma.
Mimi ambaye usiku, ghorofa ya sita hospitalini,
kazi yangu ni kupima pumzi:
lita mbili kwa dakika, lita nne,
gololi ndogo ikielea ndani ya kioo.
Sijawahi kumwuliza mgonjwa kifua chake kina upana gani.
Nauliza kinachoingia, kinachotoka,
na kama kinatosha kupandia ngazi.

Kumbe msasa nao ni mgonjwa, tena mwenye haraka:
unataka futi kumi na mbili za ujazo kila dakika;
yangu inatoa tano, na hizo kwa kuapa.
Tangi ni akiba. Akiba haimfikishi mbali
anayekula zaidi ya anachochuma.
Na zile nguvu za farasi kwenye kibandiko
zimetiwa chumvi kuliko gari.

Iko kubwa dukani, imesimama wima kama askari wa benki,
inatoa kumi na nne bila kutoka jasho.
Inataka umeme wa volti mia mbili na arubaini,
inataka fundi, inataka ruhusa ya mwenye nyumba,
inataka dola elfu moja na mia tatu kabla ya kodi.
Gari lenyewe nililinunua elfu mbili.

"Upo msasa wa umeme," nikasema.
"Upo. Mzito mkononi. Lakini haukatiki pumzi."
Akanyamaza, akavuta yake.
Mrija mwembamba puani, mrefu, unaingia dirishani
kwenye mashine ambayo nayo ni kompresa,
ndogo kuliko yangu, inanguruma kutwa kucha.
Lita mbili. Nilishaiona namba. Sikuitaja.
"Vaa barakoa," akasema,
"ile ya vichujio viwili, si kitambaa.
Sisi tulivaa sigara."

Nimevaa.
Nimefungua koki chini ya tangi,
maji ya rangi ya chai yakamwagika kwenye saruji.
Kubwa sijanunua. Ndogo sijaitupa.
Sekunde ishirini napiga msasa,
dakika mbili nangoja, na katika kungoja
navua glavu, napitisha kiganja mlangoni
macho nimefumba,
na kiganja kinakuta bonde
pale ambapo jicho liliapa ni tambarare.
Naweka alama kwa chaki.
Ng'ambo, mashine ya Zvonko. Huku, yangu.
Geji inafika tisini.
Nafyatua.