Mgonjwa Aliyeulizwa Uji

Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo tulivyolelewa.
Unaletewa bakuli, unakunywa, unashukuru.
Lakini Bupe alisimama mlangoni kwangu Kijitonyama
saa kumi na moja alfajiri, viatu mkononi,
akaniuliza: uwe wa mchele au wa ulezi?
Mwepesi au mzito? Ndimu nikamue?
Nikakaa kitako kitandani, nikawaza.
Tangu Machi hakuna aliyeniuliza swali
ambalo jibu lake nilikuwa nalo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali ilinichekesha
siku niliyoambiwa, peke yangu, kwenye ngazi za hospitali:
nguoni kweli, upande wa kushoto,
kwanza kama mbegu ya ubuyu, kisha kama kokwa ya tende.

Dawa ni nyekundu kama juisi ya choya.
Muuguzi anagonga mkono wangu kwa vidole viwili,
kama anayebisha hodi nyumba anayojua ina watu.
Mishipa ina haya leo, mama.
Kisha mmoja unaitika, karibu na kifundo,
na ubaridi unapanda hadi kwapani.
Nje ya dirisha la Ocean Road bahari ipo; siitazami.
Natazama tone. Tone.
Nayahesabu kama hela za watu,
maana mhazini wa kikoba chetu ndiye mimi,
na daftari lile lile la hisa na mikopo
sasa lina ukurasa wenye mwandiko wa Siwatu:
Dawa ya kwanza, Bupe. Ya pili, Kokushubira.
Kufua, Siwatu. Watoto shule, Maulidi wa bajaji.
Atakayechelewa, faini elfu mbili.
Koku ameshalipa mara tatu, na risiti anadai.

Stumai amenisuka miaka kumi na mmoja.
Siku ya kuninyoa hakuwasha redio.
Mashine ilivuma, gazeti likajaa,
akalikunja kama mtu anayefunga vitumbua.
Hela yangu aliikataa. Nikamlazimisha.
Nilitaka kutoka pale nikiwa mteja.

Usiku wa tatu hauna zamu kwenye daftari.
Mdomo una ladha ya sarafu, mifupa inasemana,
nalala chini chooni, saruji ina baridi nzuri,
naongea na ndoo.
Huko hakuna rafiki anayefika. Nisiseme uongo.

Asubuhi naanza upya na vitu vidogo.
Mafuta ya nazi utosini, polepole,
kama nampaka mtoto wa jirani niliyekabidhiwa.
Maji ya chumvi mdomoni, nasukutua, natema.
Simu naizima saa nane mchana:
shangazi wa Tandika ana mzizi,
mama wa nyumba ya pili ana nabii,
nawapenda wote, simu imezimwa.
Nalala. Mimi, niliyekuwa nakunja nguo huku nasonga ugali,
nalala mchana kweupe, mlango wazi,
na dunia haijaanguka.
Kucha zimekuwa nyeusi. Stumai anataka kuzipaka rangi.
Ziache, nimemwambia, zimefanya kazi.

Jana ilikuwa siku ya tisa baada ya dawa ya tano.
Bupe akauliza kama kawaida yake: wa mchele au wa ulezi?
Nikasema, embe bichi.
Nini?
Embe bichi. Na chumvi. Na pilipili ya kusaga.
Wakatazamana kama wanaojadili mkopo mkubwa.
Siwatu akaliosha mara tatu kwa maji yaliyochemshwa,
akalimenya, akalikata nyembamba nyembamba,
akashikilia sahani mwenyewe, haniamini.
Nikauma.
Pilipili ikatafuta kila kidonda cha mdomo wangu,
haikukosa hata kimoja.
Machozi yakanitoka, Koku akakimbilia maziwa,
Bupe akasema, si nilikwambia,
na mimi, kiganja nimekinyoosha,
siwezi kusema neno,
nawaonyesha kwa kidole:
kingine.