Somo Yake

Saa nane za usiku, Kutaisi, mwezi wa Februari.
Theluji imeziba kizingiti,
jiko la gesi linapumua kwa mafungu,
na mimi na mstari wa arobaini na moja
tunatazamana kama watu wanaodaiana.

"Siwezi," inasema skrini kwa maandishi mekundu,
"siwezi kuigeuza kauli hii kuwa namba."
Mara ya kumi na tisa hiyo. Nimezihesabu.

Hesabu haina kosa.
Wimbi la Rioni, lango la bwawa likifunguliwa,
nililiandika kwa herufi, nikalikunjua,
nikalikunja upya, nikafuta kilichofutika.
x alikuwa x tu, hajaulizwa umri wala kimo,
amekaa ndani ya mabano yake
kama mgeni aliyekwisha kukaribishwa chai.
Kisha nikamsukuma mzimamzima kwa mchora grafu,
naye mchora grafu hajui ngonjera:
anataka nukta mia tano, kila moja na bei yake.
Sokoni hupimiwi "kiasi fulani".

Tsiala, mwenye nyumba, ndivyo alivyo.
Jumatatu alibisha hodi, akauliza kodi.
Nikamjibu, "Siku si nyingi."
"Lamara," akasema, "siku si nyingi ni ngapi?"
Daftari wazi, kalamu juu yake.
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mlinganyo.

Saa tisa nikaipata fitina.
Juu kabisa, mstari wa pili na wa tatu,
niliita maktaba mbili kwa pupa,
kila moja na mizigo yake yote,
na kila moja ina mtoto aitwaye sini.
Mtu na somo yake!
Mmoja hula herufi,
mwingine hula tarakimu, herufi humkwama kooni.
Aliyeingia mwisho ndiye aliyekalia kiti,
na kila nilipoita "Sini!"
aliitika yule nisiyemtaka,
kwa sauti ileile, kwa adabu ileile.

Nikawapa majina ya ukoo.
Nikaweka mkalimani katikati,
apokee herufi mlango huu, atoe namba mlango ule.
Nikabonyeza. Nikashika kikombe kilichopoa.

Wimbi likatoka.
Likapanda, likashuka, likapanda tena,
ila katikati, palepale kwenye sifuri,
pana tundu.
Sini ya x, gawanya kwa x:
mwenye namba kagawanya sifuri kwa sifuri
akanyamaza.

Nikamrudia mwenye herufi. "Na hapa, ukikaribia?"
Hata hakufikiri.
"Moja," akasema.
Alijua tangu jioni. Hakuulizwa.

Ile moja nimeiandika kwa mkono wangu.
Kukicha nitamgongea Tsiala kabla hajanigongea,
nimwambie: tarehe kumi na nne.
Na juu ya mstari wa pili nimeacha neno
kwa atakayerithi msimbo huu:
"Uliza kwanza jina la ukoo."