Tamthilia za Kabla ya Saa Tatu na Nusu

Thuwaiba, umeniuliza tuigize nini kipupwe hiki,
nami nikasema nitakuandikia,
maana nilikuwa kwenye foleni ya samaki
na muuzaji ananikodolea macho.
Basi ndiyo hii.

Kwanza kumbuka chumba.
Ghorofa ya pili, kiwanda cha viatu kilichokufa,
sakafu ingali na misumari midogo ya soli
inayong'ata soksi za waigizaji.
Viti arobaini na kimoja; kimoja hakikaliki.
Taa nne, mbili ndizo zinazotii.
Na saa tatu na nusu Bwana Pell hupanda ngazi na funguo zake,
na Northampton nzima haina wa kumwomba dakika tano.

Kwa hiyo nataka fupi.
Lakini fupi si ndefu iliyokatwa,
kama kisu kisivyokuwa kipande cha panga.
Kina mpini wake.

Anza na "Nani?"
ya muuguzi wa Kettering, Oonagh Tredwell,
aliyeiandika zamu za usiku, nyuma ya fomu za dawa.
Watu wawili, mlango mmoja, dakika kumi na mbili.
Binti anabisha. Mama, ndani, anauliza: Nani?
Anauliza mara thelathini na moja, nimehesabu.
Binti anataja jina lake,
kisha lile la utotoni,
kisha "mimi", kisha "mtu wa gesi",
na kwa mtu wa gesi mlango unafunguka.
Nimeshaitafsiri nusu. Usiniondolee ile hodi:
kwao mlango hubishwa kwa ngumi tu,
sisi hubisha na kwa mdomo,
na binti akikosa hodi atakuwa ameshakata tamaa
kabla hatujaketi.

Ile ya mafuriko, unayoisifia kwa kila mtu, hapana.
Watu kumi na mmoja, mbwa, na mvua ya kweli jukwaani!
Mwandishi ana miaka ishirini na miwili
na hajawahi kupiga deki.
Isome kitandani. Ukurasa wa tisa utakuamka nao.
Kisha irudishe maktaba.

"Zamu", ndiyo, hiyo ichukue.
Ghala la vifurushi, Daventry, usiku,
wafanyakazi wawili na kiti kimoja
ambacho kanuni haimruhusu mtu kukikalia.
Dakika ishirini hakikaliwi.
Wanakizunguka, wanakipangusa,
mmoja anatundika koti lake mgongoni mwa kiti, analiondoa haraka,
kama aliyesahau mkono begani kwa mke wa mtu.
Watazamaji watacheka mpaka magoti yawaume,
na hapo ndipo watakapojua wao wameketi.
Gharama: kiti.
Tunacho. Kile kisichokalika.

Nyingine nisingekutajia, lakini wewe utaiona tu rafuni kwangu:
"Kamba", ya Winsome Lascelles wa Leicester.
Kurasa nane, na tatu kati yake hazina neno la kusema.
Mama amekabidhiwa viatu vya mwanawe ndani ya mfuko.
Maelekezo ya jukwaani: Anatia kamba. Asiharakishe.
Machi iliyopita aliigiza Bi Zamzam, mwenye vidole vya baridi yabisi,
naye hakuharakisha.
Saa tatu na dakika ishirini na sita nikasikia ngazi.
Nikasema moyoni, tumekwisha.
Bwana Pell akasimama mlangoni,
akazifumbata funguo zisilie.
Watu walidhani naye yumo mchezoni.
Tulitoka saa nne kasoro kumi,
na alipofunga aliniambia neno moja tu:
"Ameruka tundu."
Nikamuuliza amejuaje, kutoka kule mlangoni, gizani.
Akanitazama kama niliyeuliza sakafu ina nini.

Nimeliandika kwa penseli, ukurasa wa saba.
Ukiiigiza, mwambie mama
aruke tundu la tatu, upande wa kushoto,
asirudi kulirekebisha.